Noti ya Kwanza Kwenye Basi la Bure

Kitu cha kwanza alichokigundua Dorthea Pickett ni kwamba sanduku lilikuwa tupu. Alilinyanyua kwa nguvu zake za kila siku, nguvu za mtu aliyezoea mizigo ya wageni wanaosafiri na viatu vya mwaka mzima, na sanduku likaruka juu kama ndoo ya plastiki. Nusura limpige kidevuni.

"Polepole, mama," mwenye sanduku alisema akitabasamu. "Lina vitu vya kuvunjika."

Dorthea alilipakia nyuma ya gari. Alikuwa dereva wa kibasi cha bure cha Hoteli ya Cardinal Court, pale Louisville, cha kupeleka wageni uwanja wa ndege na kuwarudisha. Dereva wa kibasi cha bure huona mengi na kusema machache, hasa "karibuni" na "safari njema".

Mwenye sanduku aliitwa Lamar Vickery. Alivaa suti ya rangi ya maziwa na alikuwa na sauti laini, sauti ambayo ingekuuzia blanketi lako mwenyewe na ukashukuru kwa punguzo. Asubuhi ile hakuwa anasafiri kwenda popote. Alikuwa anakwenda uwanja wa ndege kama wengine wanavyokwenda kuvua: kukaa, kutazama, na kusubiri. Ilikuwa wiki ya mbio za farasi, na mji ulikuwa umejaa watu wenye kofia kubwa na pesa za kuchezea.

Lakini hata kabla hajashuka, samaki walijileta wenyewe.

Kibasi kilisimama kwenye mlango wa kuondokea wa uwanja wa ndege. Dorthea akashuka, akazungukia nyuma, akaanza kupanga mizigo ukingoni mwa barabara. Na hapo, Lamar akiwa bado amekaa kwenye kiti chake, akashuhudia jambo ambalo hutokea kila siku katika nchi ile kubwa, yenye roketi na maprofesa, na ambalo hakuna profesa aliyewahi kulitatua. Abiria walishuka na kupigwa na butwaa. Basi ni la bure, imeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Je, dereva anapewa kitu au hapewi? Bwana mmoja akatia mkono mfukoni, akauacha humo humo. Mama mmoja akaanza kusoma simu iliyozimwa. Wengine walitazama mawingu. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake. Mwisho yule bwana akatoa mkono mfukoni ukiwa mtupu, akasema, "Haya, asante sana!" na wote wakamfuata, asante, asante, wakakimbilia ndani kama watu waliosamehewa kodi.

Safari ya pili, Lamar akiwa bado amekaa palepale, aliyetangulia kushuka alikuwa bibi kizee. Akampa Dorthea dola tano. Mara kila mtu akatoa tano.

Lamar Vickery akahisi joto kifuani. Wengine huliita joto hilo wito.

Kibasi kilipogeuza, Dorthea alimtazama kwenye kioo. "Umesahau kushuka, baba?"

"Nimekumbuka kubaki. Mama, unaitwa nani?"

"Imeandikwa hapa kifuani."

"Dorthea. Jina zuri. Dada Dorthea, unajua wewe ni tajiri?"

"Mbona viatu vyangu havijaambiwa?"

Lamar akahamia kiti cha mbele. "Sikiliza. Hawa watu si wabahili, ni waoga. Wanasubiri mmoja awaonyeshe njia. Sasa, mimi napanda kama abiria. Nashuka wa kwanza. Nakupa noti ya ishirini, peupe, mbele ya macho yao. Nani atathubutu kutoa moja baada ya hapo? Tukirudi, unanirudishia ishirini yangu, na kilichobaki tunagawana nusu kwa nusu."

"Huo ni wizi."

"Kaibiwa nani? Umewabebea mizigo, wamekulipa. Mimi nimewasaidia tu kukumbuka adabu."

Dorthea aliendesha mpaka kwenye taa za hotelini. Alikuwa anamfikiria binti yake, Renita, aliyeko Seattle na mumewe, ana mimba ya kwanza, siku zake zimekaribia. "Mama, nakutaka wewe," Renita alimwambia kwenye simu. "Emory ananipenda, lakini anazimia akiona damu ya pua." Miaka yote Dorthea alikuwa amewapeleka watu kwenye ndege, na yeye mwenyewe hajawahi kupanda hata moja. Mshahara wa hoteli ulikuwa mdogo, kwa hoja kwamba madereva hupewa bakshishi. Na bakshishi ilikuwa ndogo, kwa hoja kwamba basi ni la bure. Katikati ya hoja hizo mbili ndipo nauli ya Seattle ilipokuwa imekwama.

"Meneja akijua, nafukuzwa," alisema. "Bwana Haskell hataki dereva aombe hata pipi."

"Kwani utakuwa umeomba? Utakuwa umepewa."

Wakaanza.

Haki ya mtu apewe: Lamar alikuwa fundi. Alikuwa hatoi noti hivi hivi. Alishuka, akanyoosha mgongo, akashika kiuno kama aliyebeba yeye, kisha akageuka na kusema kwa sauti ya kusikika hadi kwa wavuta sigara, "Mama, mikono yako hii ndiyo inayosimamisha nchi." Noti ilitua kiganjani mwa Dorthea kama hundi ya serikali. Abiria wakatazamana. Mikono ikaingia mifukoni na safari hii ikatoka na kitu. Daktari wa meno kutoka Iowa alitoa kumi, akamwangalia mkewe, akaongeza kumi. Kijana aliyevaa kaptura, ambaye hakuwa na noti, aliomba kukopeshwa na mtu asiyemjua.

Kasoro ilikuwa moja. Kila walipogeuza kurudi, Lamar alipokea pesa zote na kuzitia ndani ya koti.

"Na nusu yangu?" Dorthea aliuliza.

"Nakutunzia, mama. Haskell akikukuta mfuko umevimba, utamwambia umefuga nini humo? Mbio zikiisha nakukabidhi lote kwa mpigo. Halafu kuna gharama."

"Gharama zipi?"

"Suti lazima ifuliwe. Nikishuka na suti chafu, nani ataniamini kwamba mimi ni mtu wa kutoa?"

Dorthea akaanza kuona mambo yalivyo. Zamani, kabla ya huyu bwana, alikuwa akipata dola moja hapa, mbili pale, na jioni anakwenda nazo nyumbani. Sasa abiria walikuwa wakitoa kuliko wakati wowote, na yeye alikuwa anarudi nyumbani mikono mitupu. Lakini amlalamikie nani? Lamar alikuwa amelijua hilo tangu mwanzo. Mtu anayeogopa meneja wake ni benki nzuri sana kwa mtu wa aina ya Lamar: unatoa, huweki, na hakuna anayekuja kuuliza.

Jumapili, siku moja baada ya mbio, mji mzima ulikuwa unaondoka. Kibasi kilijaa. Lamar alitokea akiburuta sanduku lake, akaliacha nyuma ya kibasi kama kawaida. Dorthea akalishika kwa vidole viwili, kama alivyozoea.

Halikutikisika.

Akaweka mikono miwili. Ndani kulikuwa na chupa, alizisikia zikigongana, na nguo, na kitu kilaini ambacho angeapa ni mataulo ya hoteli. Akatazama miguu ya mwenye sanduku. Lamar, ambaye wiki nzima alivaa viatu vya kamba vilivyong'arishwa, leo alikuwa na viatu vya kuchomeka tu, viatu vya mtu anayejua kwamba baada ya muda mfupi ataambiwa avivue mbele ya mashine ya ukaguzi, kabla ya kupanda ndege.

"Leo ni zito, baba."

"Vitu vya kuvunjika," Lamar alisema, na kwa mara ya kwanza alikuwa anasema kweli.

"Na fungu langu?"

"Jioni. Jioni nakupa kwa mikono miwili, dada yangu, na keki juu."

Dorthea alifunga mlango wa nyuma taratibu. Renita alikuwa amepiga simu alfajiri. Daktari kasema ni siku yoyote sasa. Alisimama pale akiwa ameshika kitasa, na kama ungekuwepo ungedhani anafikiria mafuta ya gari. Kisha akamsogelea Lamar na kuinamisha kichwa kama mtu anayetoa siri ya familia.

"Unamwona yule mwenye kofia, kiti cha pili?"

Kofia haikuweza kukosa kuonekana. Ilikuwa imechukua kiti chake yenyewe.

"Bwana Strand, wa Texas," Dorthea alinong'ona. "Farasi wake kashinda jana. Na ana ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Hakubali kupitwa. Mwaka jana mtu alinipa mia mbele yake, akanuna, akanipa mia mbili papo hapo. Mtu akitoa, yeye anatoa mara mbili. Mkewe kamwombea kanisani, wapi."

Alisema hivyo bila kupepesa macho, mwanamke ambaye maisha yake yote hakuwahi kudanganya hata umri.

"Mara mbili," Lamar alisema polepole.

"Lakini kwa ishirini hata hatageuza shingo. Ishirini anampa mbwa."

"Na nikitoa zote? Bunda lote?"

"Mimi hizo hesabu siziwezi, baba. Wewe ndiye mtaalamu."

Lamar alitazama saa. Muda wa ndege yake ulikuwa bado unatosha. Atatoa bunda, Mtexas atatoa mabunda mawili, basi litazunguka na kumkuta kwenye nguzo ya mwisho ya jengo, kama siku zote, atachukua yote matatu na kuingia ndani. Ulikuwa mpango mzuri kiasi kwamba alimwonea huruma mtu yeyote ambaye si yeye.

Mlango wa kuondokea ulikuwa na msongamano wa Jumapili. Askari wa barabarani alikuwa anapuliza filimbi na kupiga mabati ya magari kwa kiganja: shusha, ondoka, shusha, ondoka. Dorthea alishusha mizigo upesi upesi. Lamar akashuka, akanyoosha mgongo, akangoja mpaka kila jicho limfikie.

"Mama Dorthea!" alipaza sauti. "Miaka yote hii unabeba mizigo ya dunia. Nani amewahi kubeba wako?"

Akatoa bunda zima, limefungwa kwa mpira, akaliweka mikononi mwake.

Watu waliguna. Simu zikainuliwa. Bwana Strand akashuka, akavua kofia, na Lamar akaona machozi machoni mwake. Moyo ukamruka: ugonjwa umempanda!

"Kijana," Bwana Strand alisema, sauti ikitetemeka. "Mimi nimepoteza kila kitu jana. Yule farasi alikimbia kama ana miadi kwingine. Nimeuza gari hapa hapa, ndiyo maana nimepanda basi la bure. Nilikuwa nasema dunia imekwisha. Sasa nimekuona wewe." Akamkumbatia.

Alikuwa mtu mkubwa, na kumbatio lake lilikuwa la Texas nzima. Mgongoni mwake watu walipiga makofi. Daktari wa meno, ambaye siku ile ndege ilimwacha akaongeza siku za kukaa, alimwambia mkewe, "Nilikwambia mimi, huyu bwana hutoa kila siku!"

"Mama," Lamar alijitahidi kutoka kwapani mwa yule mzee. "Mama, subiri kidogo..."

"Mungu akubariki, baba," Dorthea alisema, akapanda.

"Wee mama wa basi!" askari alipuliza filimbi. "Ondoa hilo gari!"

Na Dorthea, ambaye hajawahi kuvunja sheria ya barabarani, akatii.

Lamar alijinasua na kukimbia nyuma ya kibasi, mkono mmoja juu, viatu vya kuchomeka vikimvuka.

"Jamani mtazameni!" mama mmoja alilia. "Anataka kumwongeza!"

Angesema nini? Angemshika askari na kumwambia, nirudishie bakshishi yangu? Katika nchi ile mtu anaweza kurudisha dukani suruali aliyokwisha kuivaa na akapewa pesa yake. Bakshishi iliyotolewa mbele ya watu hairudi. Kibasi kilizunguka kona, hakikusimama kwenye nguzo ya mwisho, wala nguzo yoyote.

Lamar aliporudi, alikuta mchukuzi ameshika sanduku lake, kalifuta vumbi, kalisimamisha vizuri, na nyuma ya mchukuzi yule wamesimama wachukuzi wengine, wote wanatabasamu, wote wameona. Lamar akatia mkono mfukoni. Akauacha humo. Akatazama mawingu.

Dorthea aliegesha kibasi hotelini, akamkabidhi Bwana Haskell funguo.

"Unakwenda wapi? Kuna wageni wanasubiri!"

"Nakwenda uwanja wa ndege," Dorthea alisema. "Na mtu mwingine ndiye atakayenipeleka."

Seattle kulikuwa na mvua. Emory alimpokea akiwa mweupe kama chaki, akacheka, akalia, akasema mtoto ni wa kike na wote wazima, na kwamba yeye alizimia mara moja tu. Alikuwa ameegesha gari mbali, kwenye maegesho ya bei rahisi, kwa hiyo wakapanda basi la bure la maegesho. Dereva, kijana mwembamba mwenye koti la mvua, alinyanyua sanduku la Dorthea, ambalo lilijaa nguo za mtoto mpaka zipu ikagoma, akalipandisha bila kuguna.

Walipofika, Emory alimwinamia sikioni.

"Mama, hawa huwa tunawapa kitu? Maana si ni bure?"

Swali lile Dorthea aliwahi kuulizwa na watu wengi kuliko anavyoweza kukumbuka, wengine wakiwa tayari wameshika pochi. Na kila mara alikuwa anatabasamu na kujibu, "Usijali, mpenzi, upendavyo tu," kisha anainama kuchukua sanduku linalofuata. Sasa alisimama katikati ya basi. Abiria wote walikuwa wanatazama simu zao na mawingu yao.

"Mpe, mwanangu," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kiti cha nyuma. "Basi ndilo la bure. Sisi hatukuwahi kuwa wa bure."