Harusi Zote za Kibondo

Gharibu aliingia studio ya Shadia, pale Kibondo mjini, kupiga picha za pasipoti ya jina lake jipya. Lakini alipoiona kompyuta kuukuu ikikohoa mezani, vitufe vimeng'oka kama meno ya bibi, moyo ukamwambia: riziki hiyo.

"Dada, hii ina virusi," alisema, kichwa ameinamisha kama mtu aliyefika msibani. "Umehifadhi nini humu?"

"Harusi zote za Kibondo, kaka. Mpaka marehemu mama yake mteja wangu Immakulata, anavyocheza siku ya kumwoza binti yake. Binti huyo hana picha nyingine ya mama yake akicheka."

Gharibu akasikitika kitaalamu. Akajitambulisha: fundi kutoka Dar, bingwa wa virusi sugu. Mashine itabidi aende nayo Kasulu, kwenye mitambo. Mitambo yenyewe ilikuwa chumba cha gesti chenye soketi moja, nayo imelegea.

"Sawa, ila mimi nitabaki na nini?" Shadia akauliza. "Niachie yako nifanyie kazi."

Gharibu akasita. Kompyuta yake ilikuwa mpya, tena imebeba utapeli wake wote: nembo, mihuri, vyeti vya udaktari, na picha zake amesimama kando ya magari ya watu. Akajipa moyo: huyu akishalia vya kutosha atalipa, na yangu atairudisha. Akaiacha, hata neno la siri akamtajia. Tapeli naye ana siku zake za ukarimu.

Alipofika Kasulu alimpigia simu, sauti imelowa majonzi.

"Dada, pole sana. Mashine imezimia. Kuna dawa ya kuziokoa harusi zako, ila ni ghali. Bila hiyo, mama yake Immakulata ndiyo basi tena."

"Aa, usijisumbue, kaka. Immakulata nilimpa flashi yake zamani. Na harusi zote ninazo kwenye diski hapa studio. Nakala nyingine iko kwa dada yangu, kijijini Heru Juu, ili hata hapa pakiungua nisiumbuke."

"Si ulisema zimo humu!"

"Na zimo. Nilisema haziko kwingine?"

Gharibu akageuza maneno. "Basi nairudisha. Yangu iko salama?"

"Salama salimini! Nimefuta makorokoro yote, harusi zimeenea vizuri. Na haikohoi! Tubadilishane tu, kaka, wala sidai nyongeza."

"Umefuta?" Gharibu alipiga ukelele hadi mhudumu wa gesti akachungulia. "Kazi yangu yote!"

"Kwani fundi mzima hukuweka nakala?"

"Nakwenda polisi!"

"Nenda, kaka. Wape na orodha ya vilivyofutika."

Hasira zikambeba mpaka kituoni kweli. Askari wa zamu alimpokea kwa upole, akamvutia kiti, akashika kalamu.

"Karibu, mzee. Umepotelewa na nini?"

Gharibu akafikiria ile mihuri, mmoja baada ya mwingine.

"Njia, afande," akasema. "Stendi iko upande gani?"