Kofia ya Waziri na Heshima ya Bibi Zélie

Montmartre, Alhamisi

Mheshimiwa Meya wetu,

Natumaini u mzima wa afya. Mimi si mzima hata kidogo, nimeudhika. Jumapili hii unakuja kufunua kibao kwenye ukuta wa kabare ya Jogoo wa Bati, ukumbi wetu wa dansi wa zamani, kinachosema kwamba mcheza dansi wa kwanza kuipiga teke kofia ya waziri ikaruka kutoka kichwani mwake alikuwa Léontine Vasseur. Huo ni uongo mtupu. Alikuwa Zélie Pruvot, mama yake bibi yangu, dobi wa mtaa huu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ukoo mzima unajua. Kila Krismasi, kabla chaza hawajaisha mezani, tunasimama na kunyanyua glasi kwa ajili ya kofia ile. Watu hawanyanyui glasi miaka yote hiyo kwa ajili ya uongo.

2. Bwana Fabrice, anayetembeza watalii, husimama mlangoni pangu, jirani na kabare, kila asubuhi akimsifu Léontine. Nilipomsahihisha kwa upole alinijibu mbele ya Wajapani, "Mama, rudi ndani, supu yako inaungua!" Na kweli iliungua. Hilo nalo nalilalamikia.

3. Madobi ndio waliokuwa na miguu. Ukishinda unapanda ngazi za kilima hiki na kapu la mashuka yaliyolowa, kurusha mguu hadi kwenye kofia ni mapumziko. Léontine alikuwa akiuza maua, tena ameketi.

4. Kipaji kimo damuni mwetu. Nina miaka sabini na minne, na niko tayari kuiangusha kofia yako hadharani kwa mguu huu huu. Kama u mrefu sana, utainama kidogo.

Jina lisipobadilishwa, nitalala mbele ya mlango wa kabare, na watalii watanipiga picha bure.

Nisalimie mkeo, makarani wako wote, na yule mlinzi wa ofisi yako aliyenifukuza Jumanne.

Raia wako mtiifu, mwenye uchungu,
Ghislaine Rebours

Nyongeza: Nimemsomea dada yangu Solange barua hii kwenye simu ili anisifu. Amecheka mpaka akapaliwa. "We Ghislaine, nani kakwambia alicheza? Bibi Zélie alikuwa hataki hata kuisikia kabare ile, kelele zilimnyima usingizi! Kofia aliiangusha kwa maji machafu ya kufulia, kutoka dirishani!" Dirisha lenyewe ndilo hili lililo mbele yangu, juu kidogo ya mlango wa kabare. Kwa hiyo yale ya mguu yafute, na Léontine mwache na kibao chake. Ila Jumapili, Mheshimiwa, njoo na kofia. Ndoo ninayo.