Somo la Kwanza Mara Saba

Jumatatu, 3 Juni

Hyderabad nzima hakuna kichwa kama changu. Chuo kiliniondoa kwa sababu maswali yao yalikuwa madogo mno kwangu! (Dada Sarojamma anasema ni masomo manne niliyofeli. Dada hana lugha nzuri.)

Basi naacha kazi ya kukodisha mahema ya harusi kwa mjomba, naingia teknolojia. Si kuandika programu, hiyo ni kazi ya vibarua. Mimi nitasimamia miradi: wenzangu wanatoka jasho, mimi nauliza wamefika wapi. Shemeji kanitafutia usaili kwenye kampuni ya kompyuta, Jumamosi hii. Mjomba akasema: Yadagiri, nakungoja mpaka Jumapili. Ukipita, nafasi yako anachukua Narsimlu. Ukifeli, rudi upande lori, viti havijipangi vyenyewe.

Leo nimeshuka Ameerpet, mtaa wa vyuo vya kompyuta, kuchagua mafunzo. Mabango mpaka kwenye matawi ya miti! Jengo moja vyuo sita, kila chuo namba moja. Nimerudi na vikaratasi thelathini. Phanindra, tunayelala naye chumba kimoja hosteli, aliingia chuo cha kwanza alichokiona, akalipa, akakaa. Nikamuuliza: na mke utamchagua hivyohivyo?

Jumanne, 4 Juni

Nimegundua! Kila chuo kinatoa somo la kwanza bure, la kuonja. Na vyuo havina idadi. Wajinga walipe, mimi nitaonja huku na huku mpaka nishibe. Phanindra akauliza: sasa somo la pili utalipata wapi, bwana? Nikamwambia wivu haujengi.

Nimeonja mawili. Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho. Nimepigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Jumatano, 5 Juni

Maonjo mawili tena. Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho. Na tena. Inaelekea ndiyo yote. Mbona basi daftari la Phanindra limefika ukurasa wa arobaini? Mwandiko mkubwa, hakuna kingine.

Alhamisi, 6 Juni

Aibu! Chuo cha asubuhi nilijiandikisha kwa jina la Srikanth, wasinijue. Chuo cha jioni nikawa Mohan, na shati la Phanindra. Anaingia mwalimu: Bwana Sastry yuleyule wa asubuhi! Kumbe walimu nao wanazungukia vyuo kama wauza maziwa. Akanitazama juu ya miwani, akauliza mbele ya watu: mwanangu, asubuhi ulikuwa Srikanth, hili jina jipya umepewa saa ngapi? Darasa likaangua kicheko. Nikajibu Srikanth ni pacha wangu. Akasema basi kamwambie pacha wako kupika hakufundishwi kwa kuonja.

Nimekula pilipili za kukaanga tano kwa hasira.

Ijumaa, 7 Juni

Onjo la saba. Mwanzo na mwisho. Phanindra akaniambia: Yada, chukua daftari langu, bado una siku nzima. Nimekataa! Mtu wa vyuo saba aazime daftari la mtu wa chuo kimoja?

Jumamosi, 8 Juni

Usaili. Mama mmoja wa sari ya bluu na kijana wa miwani. Mama akauliza mradi ni nini. Nikatiririka! Mwanzo na mwisho, kwa lafudhi ya walimu sita. Akatabasamu, akasema vizuri, sasa huo mwisho wenyewe unakuwaje? Kazi ikiisha mnaufungaje mradi?

Jasho mpaka kwenye soksi. Nikasema: mama, mradi wangu mimi hauishi. Kijana akapaliwa na chai. Mama akauliza kwa upole kama nimewahi kusimamia chochote, hata kidogo, hata cha nyumbani. Niseme mahema? Mimi? Nikajibu hapana, nilikuwa najisomea. Akafunga faili.

Phanindra aliponisikia alishika kichwa. Wewe Yada, kila harusi ikiisha si unakunja hema, unahesabu viti, mwenye shughuli anatia saini kwamba kaukuta uwanja wake safi? Si ndiko kufunga mradi huko? Nikamwambia asichanganye turubai na teknolojia.

Jumapili, 9 Juni

Nimetafakari, kosa nimeliona: ni fani. Miradi imepitwa na wakati! Wenye vichwa wote wako kwenye akili bandia. Kesho saa tatu asubuhi kuna somo la kuonja, bure. Jina langu litakuwa Ravinder, na ndevu nimeanza kufuga.

Kwa jumla wiki nzuri. Kitu kimoja tu kimeharibika kweli. Jana dada alipopiga simu alikuwa anacheka kwa furaha kabla sijafungua mdomo, nikamwambia nimepita. Leo ameshagawa laddu, vitamu vya kusherehekea, mtaa mzima, na Narsimlu amepanda lori la mjomba, amekaa mahali pangu.