Zamu Yangu Mtumbwini

Jumanne, 6 Agosti 1968
Kengele ya kanisa bado iko chini ya mto Sondu. Ilianguka juzi kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe ikivushwa kutoka upande wa Kericho. Leo Omogaka Ogari, mzee wetu wa kanisa, katangaza: atakayeifunga kamba ndiye atakuwa mpiga kengele. Moyo ukaniruka! Mimi Ishmael Nyangate, fundi cherehani wa Magwagwa, miaka thelathini na nne, sijawahi kuchaguliwa kwa lolote. Kwaya walinikataa. Hata kuonyesha wageni viti walinikataa. Nikajiandikisha kupiga mbizi. Angwenyi seremala naye akajiandikisha. Angwenyi! Tayari anaongoza kwaya, na ndevu anazo.

Bonareri, mke wangu, kaniuliza kama nakumbuka nilivyozama kwenye josho la ng'ombe. Nimemwambia ule ulikuwa utoto. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Jumatano, 7 Agosti
Obura kaleta mtumbwi wake kwa lori. Ni mtu wa ziwani, anauza samaki hapa sokoni, lakini ndani ya mtumbwi ni kama mkuu wa wilaya. Hakuna kusimama. Kila mtu na zamu yake, mimi kisha Angwenyi. Unashuka umekumbatia jiwe, kamba kiunoni, na mwenzako anashika kamba kimya. Ukiivuta mara moja, u mzima. Mara mbili, uvutwe. Na kubwa kuliko yote: usitibue tope, mwenzako naye anataka kuona.

Hapo nikapata akili. Zamu yangu nikalipiga teke tope lote la Sondu. Nikaibuka natabasamu. Angwenyi akayatazama maji, akasema kwa adabu kwamba amenionea huruma, sikukaa sana chini, basi nirudie. Obura akakubali. Nikashuka kwenye tope langu mwenyewe. Nimegonga mwamba kwa paji la uso.

Alhamisi, 8 Agosti
Nundu. Mbinu mpya: kikohozi. Angwenyi atafute peke yake, mimi nije kumalizia. Nimekohoa kutwa nzima. Angwenyi kanifunika blanketi lake na kunipa chai yake yote. Watu wengine hawana haya! Kazama mara kumi na moja. Jioni kasema amegusa kitu cha mviringo karibu na mizizi ya mkuyu. Kawaambia watu wote! Mimi ningekaa nacho moyoni.

Ijumaa, 9 Agosti
Nimepona. Jioni ilikuwa zamu ya Angwenyi, lakini nilimwambia midomo yake imebadilika rangi, apumzike. Akaniachia, akashika kamba. Omogaka alikuwa ukingoni akitazama saa yake ya mkononi, maana Sabato huingia jua likizama. Nikashuka moja kwa moja hadi kwenye mizizi. Kitu cha baridi. Cha mviringo. Kengele! Nililia chini ya maji, sioni aibu kuandika. Nikafungua kamba kiunoni, nikaifunga kengele kwa fundo langu la kifundi. Nikavuta mara mbili. Kimya. Mara nne. Mara tisa!

Nikaibuka nahema. Wote wameinamisha vichwa! Jua limezama, Omogaka anaomba. Nikapiga kelele. Wakaniashiria ningoje amina. Obura, ambaye si wa kanisa letu, ndiye aliyeninyakua kwa ukosi wa shati.

Angwenyi kaomba radhi sana. Anasema alihisi kamba ikivutwa. Kumvuta mtu Sabato ni halali, kuvuta kengele ni kazi, na hakujua ni nani aliye kwenye kamba, mimi au kengele.

Jumamosi, 10 Agosti
Omogaka kaamua: kamba ilifungwa jua likiwa limezama, kwa hiyo haikufungwa. Ifunguliwe, ifungwe upya. Nikamwambia chini ya mto jua halionekani. Akasema hilo ni swali zuri. Halafu akafunga mkutano. Nimeketi benchi la nyuma ibada nzima, na nimeumia kweli. Kesho Obura ana kanisa lake. Jumatatu ni zamu ya Angwenyi.

Jumatatu, 12 Agosti
Angwenyi kashuka, katoka. Kashuka, katoka. Mara saba! Kisha kasema mbele ya umati kwamba fundo la fundi halifunguki, hivyo yeye hakufunga chochote. Angeweza kudanganya! Mimi ningedanganya. Tukavuta sote. Kengele ikatoka imejaa tope, na kaa mmoja ndani. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka ng'ambo. Omogaka akapangusa macho, akasema tutapiga wawili, kwa zamu, kama mtumbwini. Sabato ya kwanza Angwenyi, inayofuata mimi. Mimi, mpiga kengele! Nimemkumbatia Angwenyi. Nimemwambia Bonareri kwamba nimekuwa mtu mpya.

Jumatano, 14 Agosti
Angwenyi kaja kibandani na suruali yake ya kanisani. Ilichanika nyuma alipokuwa akivuta kengele. Anayo hiyo moja tu, na Sabato hii ndiyo zamu yake. Nimeipokea kwa mikono miwili. Nimeipima kwa makini, nikamhakikishia kwamba ndugu hafanyiwi kazi ya haraka haraka. Itakuwa tayari Jumapili.