Jina Moja Mwisho wa Wimbo

Jumapili, 1 Agosti 1976

Mjumbe wa kampuni ya santuri amefika Shinyanga kutoka Nairobi. Anaitwa Donatus. Mwembamba, miwani myeusi, viatu visivyofaa kwa vumbi letu. Amekuja kuichukua Manonga Jazz ikarekodi. Hatimaye! Bendi imepiga tangu kabla ya Uhuru, imezunguka minada yote kuanzia hapa hadi Geita, na haina santuri hata moja. Mzee Mihayo aliyeianzisha amezeekea jukwaani na gitaa lile lile.

Kamati ya wapenzi tulimkaribisha mgeni kwenye baraza ninaposhonea nguo. Mimi ni katibu. Mwenyekiti ni Ngassa, mfanyabiashara wa ng'ombe, tuliyemchagua kwa sababu ana sauti kubwa.

Donatus akaeleza masharti. Wimbo ni "Generosa". Vizuri. Santuri yenyewe ni ndogo, na upande mmoja unachukua dakika chache tu. Ukumbini "Generosa" unakwenda mpaka watu wanapumzika, wanarudi, wanaukuta bado. Kwa hiyo utakatwa. Kitakachokatwa ni chemko la mwisho, pale magitaa yanapochangamka na Mzee Mihayo anaanza kutaja majina ya wapenzi wake. Donatus alisema mtu wa Kisumu hamjui Ngassa wala hana haja ya kumjua.

Kamati nzima ikainuka kutetea sanaa. Ngassa alisema wimbo usio na chemko ni chai isiyo na sukari. Karani wa pamba akasema kampuni za nje zimezoea kutunyonya, akataja na Azimio la Arusha. Mimi nilizungumza kwa uchungu juu ya urithi wa wajukuu zetu. Hakuna aliyetaja jina lake mwenyewe. Wote tumo kwenye chemko. Mimi huwa wa saba.

Mzee Mihayo alikaa pembeni na kikombe chake.

Jumanne, 3 Agosti

Usingizi wa shida. Ngoja niandike ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu ila mimi, na Mwaisha mke wangu, ambaye anakana.

Kila dansi Mzee Mihayo hunitaja: Nassibu wa Pwani. Watu hucheka, nami huinua mkono. Pwani sijafika. Babu ndiye aliyetoka Bagamoyo na mizigo ya watu kichwani, akachoka, akaishia hapa. Baba alizaliwa hapa akafia hapa. Mimi nimezaliwa nyuma ya stesheni. Bado ni wa Pwani. Nikiuliza bei ya mtama sokoni kwa Kisukuma, najibiwa kwa Kiswahili, tena polepole, kama mgeni aliyeshuka kwenye treni asubuhi hii. Inauma. Sijawahi kumwambia mtu kwamba inauma.

Ndiyo maana naitaka santuri. Santuri mtu habishani nayo. Ikisema Nassibu wa Shinyanga, basi ni wa Shinyanga, hata nikiwa nimeshaoza.

Mpango: kamati igome. Nilimwendea Donatus nikamwambia wapenzi wa kanda nzima hawatanunua santuri isiyo na majina. Kanda nzima maana yake sisi tisa. Akafikiri, akavuta sigara, akakubali litajwe jina moja. Moja tu, la kuwawakilisha wote.

Nilirudi kwa kamati na ushindi wangu. Walipiga makofi. Kisha makofi yakaisha na kila mtu akamwangalia mwenzake.

Alhamisi, 5 Agosti

Ngassa amepeleka fahali kwa Mzee Mihayo. Anasema ni salamu tu. Fahali mwenyewe ana nundu kubwa kuliko heshima ya familia yangu.

Mimi sina fahali, nina cherehani. Nimejitolea kuishonea bendi sare mpya kwa ajili ya picha ya kutangazia santuri, ile itakayobandikwa madukani mpaka Geita. Koti la samawati, kola nyeupe. Na mgongoni, kwa uzi wa njano, kwenye kila koti: NASSIBU WA SHINYANGA. Kazi safi. Hata Mwaisha aliisifu, ingawa alicheka kabla ya kusifu.

Leo mpiga picha amewapanga ukumbini, wakasimama vizuri, akawapiga. Kwa mbele. Nilimwomba awageuze. Alisema hajawahi kuona mtu akinunua muziki kwa kuona migongo.

Nilimvuta Mzee Mihayo pembeni, nikamwomba kama jina litakuwa langu, basi aseme wa Shinyanga, siyo wa Pwani. Akanitazama. Alisema wiki hii ameombwa mambo mengi, na kila mwombaji anaanza kwa kumsifia gitaa. Nilikuwa nimeanza hivyo hivyo. Vidole vyake vilikuwa vimefungwa kitambaa. Sikuuliza.

Jumamosi, 7 Agosti

Donatus amechoka na ujumbe wa siri unaomfikia nyumba ya wageni. Ameamua hivi: kesho kwenye dansi la mchana Mzee Mihayo atataja majina yote, na atakayeshangiliwa zaidi ndiye atakayetajwa Nairobi.

Mpango mpya. Wakulima wamejaa mjini kuuza pamba, wanangoja mizani karibu na ghala, na nguo zao za safari zimechanika. Kiongozi wao ni Mageni, mtu mzima, mpole, kofia ya jua. Nilimsalimia kwa Kisukuma, mwadila, akanijibu kwa Kiswahili. Nikameza. Tukapatana: nitawashonea viraka bure, wote, na kesho likitajwa jina langu watapiga kelele kwa nguvu zote.

Nimeshona mpaka mguu umekufa ganzi. Suruali nyingine ni viraka vitupu, haionekani nguo ya kwanza ilikuwa ipi. Tumefanya na mazoezi. Wana mapafu mazuri sana hawa watu.

Jumapili, 8 Agosti

Ukumbi ulijaa. "Generosa" ukapigwa. Chemko likaingia. Jina la kwanza: Ngassa wa Minadani.

Wakulima wangu wakasimama kama mtu mmoja. Kofia juu. Miluzi. Mmoja alipanda juu ya kiti, nikaona kiraka changu cha kaki kimekaa barabara kabisa. Bati la ukumbi lilitikisika.

Lilipofika langu walipiga kelele pia. Kelele nzuri, za adabu. Makoo yalikuwa yameshakauka.

Nilimtafuta Mageni nje. Alinieleza bila haraka kwamba Ngassa ndiye anayenunua ng'ombe wao, je, wangekaa kimya mbele ya uso wake halafu wakutane naye mnadani? Na mimi walinishangilia, kama tulivyopatana. Hatukupatana kwamba wawanyamazie wengine. Akauliza kama nina nafasi ya kumpunguzia pindo la suruali.

Nimempunguzia.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimekwenda kumwona Donatus. Nikamwambia, kwa siri, kwa ajili ya faida ya kampuni, kwamba Ngassa anachukiwa Geita kote. Kwamba aliwauzia wachimbaji ng'ombe wagonjwa. Kwamba likisikika jina lake kule Kalangalala, Geita penyewe, santuri zitavunjwa hadharani. Nilitunga njiani nikaongezea mlangoni. Donatus alivua miwani. Alisema kampuni inawategemea sana wachimbaji wa Geita, maana ndio wenye fedha ya kununua santuri.

Nilitoka pale mwepesi. Nikanunua kashata.

Baada ya alasiri habari imefika barazani. Donatus amesema hapa kuna ugomvi mwingi kuliko muziki. Haichukui Manonga Jazz. Atapanda treni ya Mwanza, huko kuna bendi ya vijana isiyo na kamati.

Kashata yote ilinikaa kooni.

Jumanne, 10 Agosti

Mzee Mihayo alikuja barazani na koti lake la samawati. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akakaa kwenye benchi la wateja. Aliomba nimpanulie mikono ya koti, kwa kuwa vidole havipiti tena kirahisi. Akafungua kitambaa akanionyesha. Vimevimba kwenye viungo vyote. Alisema asubuhi haviwezi hata kushika kijiko. Hospitali wamemwambia gitaa limebakiza muda mfupi.

Hakuwa analalamika. Alisema Generosa, marehemu mkewe, hakupata kutoka nje ya wilaya hii. Yeye alitaka tu jina la yule mama lisikike mahali ambapo wao wawili hawakufika. Basi. Sasa haiwezekani, na yeye hamlaumu mtu. Akaniuliza koti litakuwa tayari lini, maana atalivaa kanisani.

Nilijidunga sindano. Nimeona aibu, na aibu yenyewe bado ninayo ninapoandika. Sisi tisa tumegombania sekunde za mwisho za wimbo, na hakuna aliyekumbuka kwamba wimbo wenyewe ni wa nani.

Mwaisha alikuwa anachagua mchele. Bila kuinua macho alisema Baba Zuleha, ndiye mimi, anajua pa kwenda. Huyu mwanamke anasoma daftari hili.

Nikaenda. Donatus alikuwa anafunga sanduku. Sikuweza kusema nilidanganya, mdomo ulikataa. Nikasema nilichanganya watu. Ngassa wa ng'ombe wagonjwa ni mwingine, mtu wa Kahama. Huyu wetu anapendwa Geita kuliko mvua. Nikamsifu. Nikaishiwa na uongo, nikajikuta ninasema ya kweli: baba yangu alipofariki, Ngassa alileta ng'ombe wa hitima kabla sijaomba, na hajalitaja jambo lile mpaka leo. Nilikuwa nimelisahau.

Nikamwambia atajwe Ngassa, langu liachwe, ila bendi aichukue. Akaniuliza mimi nataka nini. Nikasema sitaki kitu. Neno hilo lilitoka kwa shida sana, kama jino.

Amekubali. Wanaondoka wote kesho.

Jumapili, 31 Oktoba

Santuri imefika! Bendi yenyewe bado iko Geita inaitangaza, lakini dereva wao ametuletea moja.

Watu walijaa barazani. Ngassa alikuja na kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele kabisa, akanikumbusha kwamba fahali yule alikuwa na nundu. Mageni naye alikuwapo, suruali ni ile ile. Nikafuta vumbi, nikatega sindano ya gramafoni.

Gitaa likaingia, likafuata koo la Mzee Mihayo. Kiti cha Ngassa kiliacha kulia. Sauti ile tumeizoea ukumbini ikishindana na chupa na viatu. Hapa ilikuwa peke yake, inamwita Generosa taratibu, kama mtu anayeita ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwaisha alijifuta macho kwa upande wa kanga. Na mimi pia, nilikuwa na vumbi.

Kisha chemko, kidogo tu. Na Mzee Mihayo akasema: "Na wewe, Nassibu wa..."

Sauti ikafifia, ikafifia, ikaisha. Sindano ikakwaruza. Upande umekwisha.

Dereva ndiye aliyeeleza. Njiani Donatus alimsimulia Mzee Mihayo jinsi nilivyokwenda kumwombea Ngassa. Mzee akasema basi kati ya watu wote wa kamati, amepatikana mmoja asiyetaka kitu.

Nilingoja matusi ya Ngassa. Hakutukana. Alisema rudia.

Nikarudia. Nassibu wa. Wa wapi? Hapo ndipo penyewe! Miaka yote ameniita wa Pwani, nami nilimwomba mara moja tu, tena siku ile ana kitambaa mkononi. Nikarudia tena. Wa. Nikaweka sikio kwenye spika. Kama kuna shi, au kama kuna pwa, nitaisikia.

Safari iliyofuata, sauti ilipofifia, Ngassa akajaza kwa sauti yake ya mnadani: wa Shinyanga! Baraza zima likapokea. Mageni na wenzake, akina mama waliopita njia, wote: wa Shinyanga! Nikarudia, wakarudia, kwa nguvu zaidi, mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta.

Nilikasirika. Niliwaambia wanyamaze, wanafunika santuri, mimi nataka kusikia neno gani limesemwa. Hawakunyamaza. Mwaisha alicheka mpaka akakaa chini. Alisema, Baba Zuleha, sikiliza basi. Nikamjibu kwamba ndicho ninachojaribu kufanya, ila hawaniachi.

Mpango ninao. Huko Nairobi lazima wana utepe mzima, wenye sehemu iliyofifishwa. Donatus akija tena nitamwendea na kumsifu Ngassa kwa kirefu, maana njia hiyo sasa naijua. Na santuri ya pili, jina liwekwe mwanzoni.

Sasa hivi nimejifungia ndani na gramafoni, nijaribu mara ya mwisho. Haiwezekani. Watu wanapita barabarani kurudi makwao, na kila kundi linamalizia wimbo kwa sauti. Shinyanga, Shinyanga, mtaa mzima. Mtu hawezi hata kusikia santuri yake.