Malalamiko Dhidi ya Mapipa ya Makumbi

Kwa Msimamizi wa Maji Machafu, Kiwanda cha Betri, ambaye pia ni mke wa mwanangu na analala chumba cha pili kutoka changu.

Mkwe wangu mwenye heshima,

Amani ya Mola iwe juu yako. Nakuandikia ilhali nasikia vishindo vya sufuria zako jikoni, kwa kuwa adabu hainiruhusu kukugombeza uso kwa uso. Karatasi haina ukwe. Jambo lenyewe ni yale mapipa uliyoyajaza makumbi ya nazi yaliyosagwa, ukayaweka kwa majaribio kwenye tawi moja la mfereji utokao kiwandani, la pili likibaki bila mapipa, ukisema makumbi hunasa madini ya risasi yaliyomo majini. Kesho wazee wa mtaa wanakutana kuamua kama mapipa yang'olewe, nao wanangoja neno langu. Kabla sijalitamka, pokea kero zangu.

Kwanza. Nimesomeshwa tangu utotoni kwamba maji huharibika yakibadilika rangi, ladha au harufu. Maji ya kiwanda yalikuwa meupe kama chozi. Yakishapita mapipani mwako hutoka na rangi ya chai isiyo na maziwa. Wewe wasema sumu haionekani. Nimeyatazama yale meupe kwa miwani, nikayatazama bila miwani, sikuiona. Na huo kwangu ni ushahidi wa watu wawili.

Pili, mchicha wangu. Tuta la nyuma ya nyumba hunyweshwa maji meupe ya mfereji tangu kabla hujaolewa, na mama mkwe wako ndiye alimwagiliaye kwa amri yangu. Uliukataza usimfikie mwanao mdomoni. Mimi nikaendelea kuula peke yangu. Tazama majani yalivyo mapana. Kisha nitazame mimi: sina maradhi ila goti, sikio, na ile hali ya kuingia chumbani nikasahau nimefuata nini.

Tatu. Makumbi yametukuzwa kupita kiasi. Yanaoshwa, yanaanikwa, yanageuzwa upande huu na huu na watu waliosoma. Mimi mara ya mwisho kugeuzwa upande nilikuwa na homa. Sasa mumeo ananidokeza kuwa hata usumba wa godoro langu, nyuzi za makumbi yale yale, ungefaa. Nimelilalia godoro hilo tangu nilipooa. Kama usumba hunasa kila kizito kiupitiacho, ungekwisha kuninasia dhambi zangu. Lakini kila alfajiri naamka nazo zote, haibaki hata moja godoroni.

Nne, na hili ndilo ombi. Ama uyaondoe mapipa, ama unitie humo na mimi. Sifa uzitafutazo ninazo: nimekauka, nimebaki nyuzinyuzi, wala sijapata kuachia kitu kizito kilichonipitia. Neno alilonitupia muuza mkaa ujanani mwetu bado ninalo, zima. Tahadhari ni moja. Umesema makumbi yakishiba hayanasi tena, na sharti yatolewe yafungiwe mbali. Nadhani mimi nilishiba zamani, ila kwa kuwa ni mzee hakuna aliyethubutu kunitoa.

Barua hii nitawasomea wazee hiyo kesho. Nisalimie mumeo, mwanao, wenzako wa maabara, mlinzi wa lango, na makumbi yote yaliyo zamuni.

Ni mimi baba mkwe wako, mwenye hoja zisizotikisika.

Baada ya sahihi: Mama mkwe wako ameisoma barua hii kabla sijaifunga, akacheka hata akakaa chini. Anasema mchicha wa maji meupe aliung'oa siku ile ile uliyotuonya, akabadilisha udongo pia, akapanda mwingine, na kila alfajiri nikiwa msikitini huunywesha maji ya mapipa yako. Sikutambua, na miwani nilikuwa nimevaa. Basi majani yale mapana, na uzima huu ninaojivunia, ni kazi ya maji ya rangi ya chai.

Mapipa yabaki. Nitawaambia wazee hivyo, na sababu nitawaambia pia, japo watacheka kuliko mke wangu. Godoro nimelitoa, lipo mlangoni pako, ulitie mapipani. Ukiukuta usumba wake una uzito usio wa risasi, nakuomba usiupime.