Jirani wa Chini Amekataa Kunipiga

Kikwajuni, Mjini Unguja
Julai 1969

Ndugu Msimamizi wa Jumba Letu Jipya,

Baada ya salamu na heshima, mimi ni mpangaji wako wa ghorofa ya pili, niliyehamia kutoka Makunduchi mwaka jana baada ya kupata kazi mjini. Najua kwenu nyinyi Makunduchi ni mwendo wa gari moja la asubuhi. Kwangu mimi ilikuwa kuhama dunia, na mama alilia kama nakwenda Makka kwa miguu. Kwa nyumba nashukuru: mfereji unatoa maji, na ukigusa ukuta taa inawaka. Hata hivyo, kwa unyenyekevu, naleta malalamiko dhidi ya jirani yangu wa chini, Bwana Msabah, fundi wa kushona nguo, kwamba ni mtu mwema kupita kiasi.

1. Kinu. Mke wangu Mwatum hutwanga mpunga alfajiri, kama alivyolelewa. Sakafu yetu ndiyo dari ya Bwana Msabah. Siku ya kwanza nilikaa mlangoni nikimngoja apande juu kugomba, na jibu nishalitayarisha. Hakupanda. Tulipokutana kwenye ngazi aliniuliza tumeamkaje, na chokaa ya dari ingali juu ya kofia yake.

2. Mbuzi. Nakiri ninaye, kwenye roshani. Siku moja aliteremka ngazi akaila kanzu ya Ijumaa ya Bwana Msabah. Nilimpelekea habari mwenyewe, tena kwa ukali, ili nimrahisishie. Akasema, "Yakhe, ile kanzu kuukuu," kisha akauliza kama vifungo havikumdhuru mbuzi. Mtu wa namna hii, Ndugu Msimamizi, utaishi naye vipi?

3. Hili ndilo kubwa. Kwetu, siku ya Mwaka, wanaume wa upande huu na upande ule huchapana kwa migomba mpaka kila mwenye kinyongo akitoe, halafu watu wakala pamoja, na mwaka mpya ukaanza kwa moyo mweupe. Shemeji yangu Makungu hunichapa kila mwaka kwa sababu zake, na simpendi mtu kama ninavyompenda yeye. Safari hii kazini sikupewa ruhusa ya kwenda. Nikaagiza kutoka mashamba ya Bububu migomba miwili michanga, mmoja wangu na mmoja wa Bwana Msabah, nikampigia hodi. Aliupokea wake kwa mikono miwili, akamwita mkewe, Bi Shemsa, auone, wakaupanda kando ya jumba.

4. Moto. Kwetu siku hiyo hujengwa kibanda cha makuti kikachomwa, na mtu aliyemo ndani hutoka mbio. Nilijenga kimoja kidogo juu ya paa, nikaingia mwenyewe kwa kukosa mtu. Habari za gari la zimamoto unazo. Maji yao yalishuka kwa Bwana Msabah mpaka kwenye cherehani. Alipopanda nilifurahi, nikampa mgongo. Alinifunika shuka nisipate baridi.

Usidhani natania. Kwetu anayekuchapa ni mtu wako. Mwaka mzima niko mjini, na hakuna hata mmoja aliyenikasirikia. Wema ninaopewa ni wa mgeni, na mimi nimechoka kuwa mgeni mahali ninapolala. Inaniuma.

Kwa hiyo naomba umwamuru Bwana Msabah, kwa maandishi, anichape kwa nguvu ya wastani. Ikishindikana, chukua funguo zako nirudi Makunduchi. Mwatum keshafunga vyombo vyote isipokuwa kinu, kwa kuwa anakitumia.

Wasalimie wote ofisini na nyumbani. Yule karani aliyesema mbuzi asionekane, mwambie haonekani, anasikika tu.

Ni mimi mpangaji wako, nisiyeguswa na mtu,
Borafya Silima

Baada ya kutia saini: Barua hii usiifanyie kazi. Nilikuwa natafuta gundi ya bahasha mlango ukagongwa kwa teke. Kumbe Mwatum alishuka kuwaaga majirani, akawaeleza sababu ya kuhama. Bwana Msabah kasimama, kanzu kaifunga kiunoni, mkononi ule mgomba kaung'oa na udongo wake. "Utahama vipi na miye sijakwambia langu?" Akaanza. "Hii ya kinu! Hii ya kanzu! Hii ya cherehani!" Bi Shemsa nyuma yake akimkumbusha aliyoyasahau, na yalikuwa mengi. Nguvu hazikuwa za wastani. Nimelia, Ndugu Msimamizi, na si kwa maumivu peke yake. Sasa wamo ndani wanakula wali wa mpunga ule ule uliowanyima usingizi, na Mwatum anafungua vyombo. Ukithubutu kumhamisha Bwana Msabah, wewe na mimi tutaonana Mwaka ujao. Niwie radhi kwa mwandiko huu wa mwisho. Naandika nimesimama, kukaa siwezi.